Breki za Malori Kati ya Bonde la Kilombero na Milima

Bonde la Kilombero ni tambarare, na utambarare huo ndio unaowafanya madereva wengi wa malori waziamini breki zao kuliko zinavyostahili. Mji wa Ifakara uko mita 250 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na lori lililobeba mchele au magogo ya mitiki linaweza kuzunguka bondeni wiki nzima bila kukutana na mteremko wa kulitia majaribuni. Mambo hubadilika linapotoka. Upande wa kusini, baada ya kuvuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, barabara hupita Lupiro na kupanda hadi Mahenge, mji ulio karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini hupita Kidatu na kuungana na barabara kuu ya Zambia pale Mikumi, ambako lori linaloelekea Iringa huupanda mlima Kitonga na, likirudi na viazi au mbao za nyanda za juu, huushuka likiwa na mzigo.

Karibu malori yote makubwa hutumia breki za upepo, yaani breki ambazo nguvu yake haitoki katika mguu wa dereva bali katika hewa inayoshindiliwa na kompresa na kuhifadhiwa katika mitungi. Dereva akikanyaga pedali hufungua njia tu; hewa huingia katika busta, chombo cha duara kilicho karibu na gurudumu, ikasukuma mpira ulio ndani yake, mpira ukasukuma fimbo, fimbo ikazungusha mkono mfupi uitwao slaki, na slaki ikapanua breki shu mpaka lainingi zake zibane dramu kwa ndani. Katika mlolongo huo kinachopuuzwa zaidi ni mwendo wa fimbo. Katika busta ya namba 30, ambayo ni ya kawaida sana, fimbo ina nafasi ya inchi 2 na nusu tu, na mwendo wake ukizidi inchi 2 breki huhesabiwa kuwa imelegea.

Ubaya ni kwamba breki iliyolegea hushika vizuri tu uwandani. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 600 hutoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 500 za maji, nishati ambayo sehemu yake kubwa, injini isiposaidia, huishia katika dramu. Dramu ikipata moto hutanuka na kuziacha lainingi nyuma, hivyo fimbo hulazimika kwenda mbali zaidi, na wakati huohuo lainingi zilizoungua hupoteza ukali wa kushika. Fimbo iliyokuwa na akiba ya robo inchi bondeni hugota mwisho wa busta mlimani, na dereva hubaki akikanyaga pedali huku upepo ukiwepo wote lakini hakuna kinachobanwa. Ndiyo maana madereva wa zamani hushikilia kwamba mlima hushukwa kwa gia ileile iliyotumika kuupanda au ndogo zaidi, pamoja na breki ya egzosti, inayoziba njia ya moshi ili injini yenyewe izuie gari. Anayeweka fri ili kuokoa dizeli huitupa breki pekee isiyoungua.

Kauli ya kwamba upepo uliisha, inayosikika mara nyingi baada ya ajali, aghalabu haielezi kilichotokea. Malori haya yana springi kali ndani ya busta za nyuma, zinazozuiliwa na upepo wenyewe. Upepo ukipungua sana springi hujiachia na kulifunga gari, na kila utingo analijua hilo, kwa kuwa gari hukataa kuondoka asubuhi kabla mitungi haijajaa. Lakini springi nazo husukuma fimbo ileile, kwa hiyo slaki ikilegea hata breki hiyo ya akiba haishiki sawasawa.

Bonde nalo lina mchango wake. Wakati wa masika tope huingia ndani ya dramu na kula lainingi, na unyevu wa hewa hugeuka maji chini ya mitungi, ambayo yasipomwagwa kila siku husafiri pamoja na mafuta ya kompresa hadi kwenye vali na kuharibu mipira. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, imeondoa vumbi na kuleta mwendo, na nishati ya gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa si mara mbili ya ile ya kilomita 40, bali mara nne. Tela, ambalo wenye magari hulihudumia mwisho kwa sababu halina injini, lisiposhika hukiachia kichwa kazi yote, na penye utelezi hukisukuma mpaka gari likajikunja.

Ukaguzi wa mwendo wa fimbo hauhitaji gereji. Matairi yakishazuiwa kwa vigingi, mitungi ikajaa na breki ya mkono ikaachiliwa, utingo huweka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea katika busta, dereva akakanyaga pedali kwa nguvu, kisha umbali wa chaki hadi mdomo wa busta ukapimwa kwa rula, gurudumu kwa gurudumu, tela likiwemo. Slaki ya kujikaza yenyewe ikikutwa imelegea, kuikaza kwa spana huficha tu ubovu ambao fundi angepaswa kuutafuta. Kwa lori linaloshuka Kitonga mahali pa kufanya kazi hiyo ni Ilula, si Ruaha Mbuyuni, kwa maana likifika Ruaha Mbuyuni mteremko umeshapita.