Mazoezi: Alama Moja kwa Siku Yatosha

Wazazi wa Unguja na Pemba wenye vijana wanaosoma Dodoma huuliza: kijana ameacha mazoezi, amechoshwa na programu ya simu inayohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi. Afanyeje?

Jawabu: Mwili ni amana, lakini kipimo ni chombo tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka. Yaani nusu saa, siku tano. Kalenda na kalamu zatosha: akitembea atie alama, asipotembea aache wazi.

Eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma ni pana, na jua la mchana ni kali. Basi atembee baada ya Alfajiri au Alasiri. Sala itamkumbusha wakati.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni inayodumu, ijapokuwa ndogo. Wiki ikikatika, aanze upya. Wala asitangaze hatua zake kwenye kundi la WhatsApp ili asifiwe. Riya huingia hata hapo.

Nanyi wazazi, mkimpigia simu muulizeni: wiki hii una alama ngapi?

Wallahu aalam.