Punda Aliyenona Kupita Kiasi, na Matumizi ya Kikapu cha Kinywani

Ewe mkulima wa Buzebazeba, nanyi nyote mkaao kando ya Ziwa Tanganyika, karatasi hii yawahusu ninyi mlio na punda wa kuchukulia mizigo. Farasi hakuzoea nchi hii. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, nao wote wawili walikufa njiani kabla ya kufika Ujiji. Mbung'o na ugonjwa wa nagana pia huwazuia farasi wasienee katika nchi kama hizi. Punda naye huugua nagana, lakini ni mstahimilivu zaidi. Kwa hiyo mwenye punda ana mali, na yampasa kuitunza.

Watu wengi humwogopa punda aliyekonda, nao wana haki kuogopa. Walakini iko hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni punda aliyenona kupita kiasi.

1. Sababu ya kunona

Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, penye majani machache na magumu. Tumbo lake hupata nguvu hata katika chakula hafifu. Punda mzima wa kilo 150 asiye na kazi nzito hutosheka na majani makavu kadiri ya kilo 2 hadi 2 na nusu kwa siku. Kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba, na kuendelea hata Aprili au Mei, na majani mabichi huwa tele. Katika miezi hiyo punda asiye na kazi hula tangu asubuhi hata jioni. Akiongezewa pumba za mahindi au mashudu ya mise, hunona upesi.

2. Dalili na hasara

Mafuta ya punda hukaa juu ya shingo, mbavuni, na matakoni. Shingo ikiwa nene na ngumu, au ikianza kulala upande mmoja, au ukipapasa mbavu usizisikie vidoleni, jua kwamba amepita kiasi. Usitazame tumbo peke yake, maana laweza kuwa kubwa kwa mimba au kwa minyoo.

Unene huo huleta maumivu makali ndani ya kwato. Kwato hupata joto. Punda huegemea visigino, huinua mguu huu na huu, na hukataa kutembea. Wengine hawaponi kabisa. Basi wakati wa mavuno, unapomhitaji kuliko siku zote, mizigo itarudi kichwani mwako na vichwani mwa watoto wako.

3. Usimtie njaa

Mtu akisikia hayo aweza kumfunga punda wake zizini bila chakula. Usifanye hivyo kamwe. Punda mnono akikosa chakula ghafula, mafuta ya mwilini huingia katika damu kwa wingi, ini na figo hulemewa, naye aweza kufa kwa siku chache. Punda jike mwenye mimba au anyonyeshaye yumo katika hatari zaidi. Dawa si njaa. Dawa ni kupunguza kidogo kidogo. Na kwa kazi hiyo kikapu cha kinywani chafaa sana.

4. Kutengeneza kikapu

Suka kikapu kigumu kwa fito nyembamba za makuti ya mchikichi au za mianzi, kitoshe kufunika pua na midomo. Kandokando acha nafasi ndogo nyingi, apate kupumua na kunywa maji. Chini katikati acha tundu moja lenye upana wa sentimeta 3, yaani yapata vidole viwili. Ncha za majani zitapenya humo, naye atazikata kidogo kidogo. Kati ya midomo na kitako cha kikapu pawe na nafasi ya sentimeta 2 au 3. Kifunge kwa kamba ipitayo nyuma ya masikio. Na kama ni kamba ya katani, izungushie kitambaa isimchubue. Kamba isiwe nene mno, ili ikinaswa na kijiti ikatike, asinyongwe.

5. Kumzoeza

Siku ya kwanza mvike kwa saa moja tu, ukimpenyezea majani tunduni ajifunze. Kisha zidisha muda kila siku, lakini usipite saa 10 kwa siku. Mchunge penye majani ya urefu wa sentimeta 10 hadi 15: mafupi mno hayafikii tundu, na marefu mno hulala chini ya kikapu. Jioni kivue, mpe majani makavu magumu na maji safi. Kila siku kioshe kikapu, na utazame pua, midomo na meno yake, usije ukakuta vidonda. Usimvike kamwe punda mgonjwa, aliyekonda, mwenye mimba au anyonyeshaye, wala usimwache na kikapu pasipo mtu wa kumwangalia.

Labda wako watakaokumbuka ile sheria ya kale ya Musa iliyokataza kumfunga ng'ombe kinywa apurapo nafaka. Lakini ng'ombe yule huzuiwa asile kabisa. Punda huyu anakula, ila kwa kiasi. Tena akiwa na kikapu hawezi kuharibu mahindi ya jirani kwa wingi, na hivyo ugomvi hupungua.

6. Kupima

Huna haja ya mizani. Zungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ufunge fundo pale inapokutana. Pima tena kila baada ya majuma mawili. Kamba ikizidi fundo kidogo kidogo, unafuata njia njema. Ikizidi upesi, mwongeze majani makavu. Punda akikataa chakula, akizubaa, au akichechemea, kivue kikapu, mpumzishe, na umwite Bwana Mifugo siku ile ile.

Haba na haba hujaza kibaba. Mafuta yalikuja haba na haba katika mvua nyingi. Yaache yaondoke vivyo hivyo, miezi kadha, nawe utabaki na punda mwenye nguvu za kukuchukulia mavuno.