Sumu Ikimwagika, Itamfikia Nani?

Ndugu mkulima, dawa ya kuua wadudu au kupe hukusaidia ikitumika mahali pake. Ikitoka mahali hapo kwa ajali, huwa ni adui wa kijiji kizima. Wengi hupima hatari hiyo kwa ukali wa sumu tu. Kipimo hicho hakitoshi.

Fikiri habari ya mji wa Bhopal, huko India. Kiwanda cha Union Carbide kilitengeneza dawa ya wadudu wa mashamba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi lenye sumu iitwayo methili isosayanati. Ikachemka, na yapata tani 40 zikatoka. Hewa ya sumu hiyo ni nzito, basi ilitambaa chini pamoja na upepo mpaka katika nyumba za maskini zilizokuwa karibu. Maelfu ya watu walikufa, na zaidi ya 500,000 walifikiwa na sumu. Ukali wake haukuwa sababu pekee. Ilikuwa imewekwa nyingi mahali pamoja, mtambo wa kuipoza ulikuwa umezimwa, watu walikaa karibu, wala majirani hawakufundishwa la kufanya.

Basi, ukitaka kupima hatari ya ghala la chama cha ushirika au josho la kijijini kwako, uliza maswali manne:

1. Kuna dawa gani, na kiasi gani?
2. Ni kitu gani chaweza kuitoa? Pengine ni kutu ya pipa, ufa, moto au mafuriko.
3. Ikitoka itapita wapi? Tazama mteremko, mto, na upepo uvumako.
4. Ni nani watakaofikiwa, nao watajuaje? Hesabu nyumba, shule na visima.

Mfano wake ni huu. Chupa ya sumu kali iliyofungiwa mbali na watu yaweza kuwa na hatari ndogo kuliko josho lenye ufa lililo juu ya kijito cha shule. Dawa ya josho imezimuliwa kwa maji, lakini josho hubeba maelfu ya lita, na dawa nyingi za kupe huua samaki hata zikiwa kidogo.

Ukishajua majibu, punguza akiba isiyo ya lazima, ziba ufa, na uhamishe mapipa mbali na maji. Dawa ikimwagika, usiioshe kwa maji, maana yataipeleka mtoni. Izuie kwa udongo mkavu au mchanga, na uwazuie watoto na wanyama. Ikiwa ghala linaungua, watu waondoke kwa kuukata upepo, wala wasikimbie kuufuata.

Yapeleke majibu hayo manne katika baraza la chifu, afisa wa kilimo naye awepo. Yasikae kichwani mwa mwenye ufunguo wa ghala peke yake, kwa kuwa siku ya ajali huenda yeye hayupo.