Mapato ya urithi yaanze na urithi wenyewe

Ndugu msomaji, leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa kurasa za biashara na za burudani, nalo ni namna dola inavyousaidia utamaduni, sanaa, utangazaji na utalii. Tumelileta katika ukurasa huu kwa sababu sheria ya Kiislamu ina kauli ya wazi kuhusu mali iliyowekwa kwa manufaa ya watu wote, na kwa sababu kauli hiyo, lau ingefuatwa, ingeokoa mengi yanayopotea mbele ya macho yetu.

Tuchukue mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Siku ya Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tunawaombea rehema. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sayyid Barghash bin Said, likastahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, likapita katika mapinduzi na mabadiliko ya serikali, kisha likaanguka wakati mafundi wakiwa kazini kwa msaada wa Serikali ya Oman. Wala halikuanguka bila dalili. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilikuwa imekwishaporomoka, na mwaka 2014 likaingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo ya kale yaliyo hatarini.

Swali linalotupasa kujiuliza si nani alaumiwe. Swali ni hili: imekuwaje jengo lililopigwa picha na wageni maelfu kwa maelfu, katika mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lifikie hali ya kusubiri mkono wa kutoka nje ndipo lishikwe?

Kanuni ya wakfu

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipata shamba huko Khaybar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Akaelekezwa alizuie shamba lenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Umar akaliweka kwa sharti kwamba lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe, na mapato yake yaende kwa mafakiri, jamaa, kuwakomboa watumwa, wasafiri na wageni. Msimamizi naye akaruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia. Hapo ndipo wanazuoni walipojenga sehemu kubwa ya hukumu za wakfu. Tuzingatie kwamba mgeni yumo katika orodha ile. Uislamu haukumfungia mgeni mlango.

Katika kuzifafanua hukumu hizo, mafakihi waliweka kanuni ambayo ndiyo moyo wa makala haya. Walisema kwamba mapato ya wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu wenyewe. Nyumba ya wakfu ikivuja, paa huezekwa kwanza, kisha ndipo wenye haki wagawiwe kinachosalia. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walifika mbali zaidi, wakasema matengenezo hutangulizwa hata kama aliyeweka wakfu hakuyataja katika masharti yake. Sababu yake haihitaji usomi mkubwa: anayekula kodi ya nyumba na kuliacha paa lioze anakula haki ya watakaokuja baada yake.

Kanuni hiyo haikubaki vitabuni. Mji Mkongwe una takriban misikiti 50, na mingi ilijengwa na kuendeshwa kwa mali za wakfu: nyumba, maduka na mashamba ambayo mapato yake yalinunua mafuta ya taa, mikeka na chokaa, na kumlipa mwalimu wa chuo. Wala tusiipambe historia kupita ukweli. Utajiri wa karne ya 19 ulitokana kwa sehemu kubwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na mwenye kuusifu uzuri wa nyumba zile hana budi kuikumbuka mikono iliyozigharimia. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na akili ndani yake, kwani kila jengo liliwekewa chanzo chake cha kulilisha.

Udhaifu ulianza pale mapato na jengo vilipotengana. Katika utawala wa Waingereza, wakfu uliwekwa chini ya kamisheni ya serikali, na hata leo zipo nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizo mikononi mwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingine nyingi zilitaifishwa na kupewa watu waliokuwa na shida ya makazi. Nia ilikuwa kuwahifadhi wanyonge, lakini kodi zikawa ndogo mno kiasi kwamba hazikuweza kununua hata boriti. Nyumba ya mawe haisamehe jambo hilo.

Jengo na fundi wake

Wengi hudhani kwamba nyumba za mawe ni za milele. Sivyo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje, ama saruji huuzuia ndani, na mvua za masika zinapokuja maji hupenya penye ufa, boriti zikaoza kichwani, hata dari ikashuka. Mwenye kuupaka ukuta wa chokaa kwa saruji hudhani ameuimarisha, kumbe ameufungia maradhi ndani.

Kwa hiyo, mtu wa kwanza anayehitajiwa na mji huu ni fundi anayejua kuchoma chokaa, kuilowesha na kuisubiri, pamoja na seremala wa kuchonga milango. Elimu hiyo haimo katika jiwe, imo mikononi mwa watu, na mikono huzeeka. Serikali iliunda Mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985 na kuipa sheria yake mwaka 1994, na kazi nzuri imefanyika, ikiwemo ile iliyofanywa pamoja na taasisi ya Aga Khan: lile jengo la zahanati ya kale pale ufukweni lilirudishiwa uzuri wake katika miaka ya 1990, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Lakini mradi una siku yake ya kufungwa, ama chumvi ya bahari haina.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani unatufundisha jambo hapa. Katika ukuta wake yapo maandishi ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18. Hawakusubiri kualikwa wale walioujenga upya, kwani walikuwa wakisali humo. Jengo linalotumika lina watu wa kuiona nyufa ingali ndogo.

Sauti nazo huoza

Tusidhani kwamba maneno haya ni ya mawe peke yake. Sayyid Barghash, ambaye jina lake limeshikamana na Beit al-Ajaib, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini, na ndiye aliyeanzisha matbaa ya Kiarabu mnamo miaka ya 1880, iliyochapa vitabu vya fiqhi, miongoni mwavyo juzuu za Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha madhehebu ya Ibadhi. Inasimuliwa pia kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni, ala ya nyuzi, na kwamba huko ndiko taarab ya Unguja ilikoanzia. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu ala za muziki, na mahali pa kuyajadili si hapa. Tunachokitaja ni kwamba dola kusaidia elimu na sanaa si jambo lililoletwa na wafadhili wa juzi.

Utangazaji nao una historia ndefu. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Mwaka 1973 Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi, inayotajwa kuwa ya mwanzo kusini mwa Jangwa la Sahara, huku Tanzania Bara ikisubiri hadi miaka ya 1990. Mwaka 2013 redio na televisheni ya serikali vikawekwa chini ya shirika moja, ZBC. Shirika la utangazaji lenye umri huo si mitambo tu. Ni hazina ya visomo vya Qur'ani vya Ramadhani, maulidi, darsa za masheikh waliokwisha tangulia mbele ya haki, mashairi, na Kiswahili cha Unguja kama kilivyotamkwa na wazee. Kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu kama boriti zinavyooza, tofauti ni kwamba kanda huoza kimya. Kanda isiyohamishwa katika njia mpya za kuhifadhia, ikiharibika imeharibika, wala hakuna mfadhili wa kuijenga upya.

Sanaa zimeonja pia machungu ya kutegemea mkono mmoja. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuwaleta wageni wengi Ngome Kongwe kila Februari, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya kukosa fedha. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, nacho kiliripotiwa mwaka 2019 kuwa katika hatari ya kufungwa baada ya wafadhili wa nje kuondoka. Mahoteli yalikuwa yakiendelea kupokea wageni waliovutwa na mambo hayo hayo.

Fedha zipo wapi?

Huenda msomaji akasema: hospitali zinahitaji dawa, skuli zinahitaji madawati, vipi tuzungumzie milango ya nakshi? Hoja hiyo ni ya haki, na mwenye kuipuuza hana huruma. Lakini haiondoi kanuni, kwa sababu hatuombi kumnyang'anya mgonjwa. Tunazungumzia mapato yanayozaliwa na urithi wenyewe. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 530,000. Mwaka 2020, kwa maradhi ya korona, wakashuka hadi kiasi cha 260,000, na mwaka 2023 wakapindukia 630,000. Kuanzia Oktoba 1, 2024 wageni kutoka nje ya nchi walitakiwa kukata bima ya Dola 44 za Marekani kabla ya kuingia. Hatua hiyo, kwa vyovyote mtu atakavyoiona, imethibitisha kwamba dola ikitaka kukusanya kutoka kwa mgeni, hukusanya.

Basi iwekwe sheria kama walivyoweka mafakihi. Fungu maalumu la kila kinachokusanywa kutoka kwa mgeni, lijulikane kiasi chake, lizuiwe kwa ajili ya matengenezo: paa, boriti, chokaa, mafunzo ya vijana chini ya mafundi wazee, na uhifadhi wa kanda za sauti na picha. Lisihamishwe kila wizara zinapoundwa upya, kwani habari, utamaduni na utalii zimekwishahamahama mara nyingi kutoka wizara moja hadi nyingine. Hesabu zake zisomwe hadharani, kama msimamizi wa wakfu anavyowajibika mbele ya kadhi na mbele ya Mola wake. Kinachosalia ndipo kiende kwenye matangazo ya nje, mabango na sherehe.

Jambo la mwisho ni wakaazi. Mradi wa hoteli pale Mambo Msiige, Shangani, ulileta mjadala mkubwa, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza wasiwasi wake. Mji ukigeuzwa wote kuwa vyumba vya kulala wageni, nani atakaa barazani jioni? Nani atajaza safu msikitini alfajiri, nani atasoma maulidi mitaani? Mgeni husafiri kuja kuona watu wanaoishi, na heshima zao za mavazi na mwenendo ni sehemu ya hicho alichokuja kukiona. Msaada wa serikali usiomwezesha mkaazi maskini kuitengeneza nyumba anayoishi, iwe kwa mkopo mwepesi au kwa kupewa fundi na chokaa, utamwondoa yeye na kuliacha ganda.

Nasi waumini tusikae tukiinyooshea serikali kidole peke yake. Wakfu haukuanzishwa na wizara. Uliwekwa na wanaume na wanawake waliotaka sadaka ya kudumu, na mlango huo haujafungwa. Mwenye duka anaweza kuuwekea msikiti wake kodi ya chumba kimoja, na mwenye kanda za sheikh wake anaweza kuzihamisha kabla hazijanyamaza. Serikali inayowaona watu wake wakitunza huona haya kutotunza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu moyo wa kuchunga amana, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaojenga na si wanaokula bila kujenga. Wabillahi tawfiq.