Sumu ya mahindi huanzia shambani

TUSEME umefungua gunia la mwisho la mahindi na kukuta punje kadhaa zimeota ukungu wa kijani. Pesa za kununua mengine hamna, na watoto wanangoja githeri. Je, utafanya nini?

Watu wengi huziondoa zile punje zilizooza, wakaosha zilizobaki, kisha wakazitia sufuriani wakiamini kwamba moto utaua kila kilicho kibaya. Msomaji, imani hiyo imeangamiza jamii nzima nzima katika nchi hii.

Mwaka wa 2004, wakazi wa wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika walianza kuugua kwa wingi. Macho yao yaligeuka manjano, matumbo yakafura, na wengine wakafariki siku chache baada ya kufikishwa hospitalini. Kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Chanzo kilikuwa mahindi waliyoyalima wenyewe au kuyanunua sokoni. Yalikuwa na sumu iitwayo aflatoksini.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, watu 20 waliugua kwa sababu iyo hiyo huko Machakos na 12 wakafa.

Kwa muda mrefu wakulima wameambiwa kwamba tatizo hili ni la ghala. Ni kweli kwamba ghala lenye unyevu huzidisha sumu. Lakini utafiti umeonyesha kwamba mara nyingi adui huwa amekwisha kuingia ndani ya punje wakati mahindi yangali yamesimama shambani. Kwa hivyo vita dhidi yake vinapasa kuanza huko huko.

Kuvu hii ni ipi?

Sumu hii hutengenezwa na kuvu ambayo wanasayansi huiita Aspergillus flavus. Makao yake ni udongoni, ambako huishi kwenye mabua, magunzi na majani yaliyooza. Wakati wa joto hutoa vumbi laini la mbegu zake, na upepo hulipeperusha vumbi hilo hadi kwenye mimea.

Mahindi yanapotoa zile ndevu zake laini, mbegu za kuvu hutua juu yake, zikaota na kushuka taratibu hadi kwenye punje changa. Mlango mwingine ni majeraha yanayoachwa na viwavi na wadudu wanaotoboa gunzi.

Mmea wenye afya hujaribu kujilinda. Lakini mvua ikikatika wakati mahindi yanapochanua na jua likawa kali, mmea hudhoofika na kinga yake kupungua, ilhali kuvu hii hupenda joto. Ndiyo sababu sehemu kavu kama Ukambani zimeumia zaidi. Karanga nazo hushambuliwa vivyo hivyo, kwa kuwa hukomaa ndani ya udongo wenyewe.

Sumu yenyewe ilitambuliwa baada ya mwaka wa 1960, wakati zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, yaliyotoka Brazil.

Hudhuru mwili vipi?

Aflatoksini haina rangi unayoweza kuiona kwenye ugali, wala harufu, wala ladha. Ukungu wa kijani ni ishara ya hatari, lakini punje inayoonekana safi pia yaweza kuwa na sumu.

Aidha, maji yanayochemka hayawezi kuiharibu. Ukipika githeri kutwa nzima, kuvu yenyewe itakufa lakini sumu iliyoiacha itabaki. Kuchachusha mahindi ili kupika uji au busaa pia si dawa ya kutegemewa.

Sumu hii ikiingia mwilini huenda moja kwa moja hadi kwenye ini. Ini hujaribu kuivunjavunja, lakini katika kufanya hivyo huigeuza kuwa kitu kikali zaidi ambacho hung'ang'ania chembechembe za urithi ndani ya seli. Mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini hushindwa kufanya kazi na anaweza kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Daktari anaweza tu kumsaidia mgonjwa huku ini likijaribu kupona.

Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hatari huwa saratani ya ini. Hatari hiyo huwa kubwa mno kwa mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B. Uchunguzi uliofanyiwa zaidi ya wanaume 18,000 huko Shanghai, China, ulionyesha kwamba waliokula aflatoksini pekee walikuwa katika hatari ya saratani ya ini kiasi cha mara 3 hivi kuliko wengine, na waliokuwa na virusi pekee mara 7. Lakini waliokuwa na yote mawili walikuwa katika hatari ya karibu mara 60.

Hapa pana funzo kwa kila mzazi. Chanjo ya kuzuia homa hiyo ya ini imo katika chanjo anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Usikose kumpeleka kliniki, kwani kwa kumchanja unampunguzia pia madhara ya aflatoksini.

Funzo la 2004

Wachunguzi walipozuru nyumba za waathiriwa, waligundua mambo mawili makuu. Kwanza, mahindi ya familia zilizougua yalikuwa na sumu ya kiasi cha mara 8 ikilinganishwa na ya majirani ambao hawakuugua. Pili, waliougua zaidi ni wale waliokuwa wameweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Mahindi yaliyovunwa yakiwa hayajakauka, kisha yakarundikwa katika chumba chenye joto na kisichopitisha hewa, huwa kama kitanda cha kuotesha kuvu.

Lakini kwa nini sumu ilikuwa kali kiasi hicho? Jibu lilitolewa mwaka wa 2007 na wanasayansi Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty. Walionyesha kwamba mahindi ya Ukambani yalikuwa yamejaa aina fulani ya kuvu hii iliyo hodari kupita kiasi katika kutengeneza sumu.

Ugunduzi huo ulileta wazo muhimu. Kuvu za jamii ya Aspergillus flavus hazifanani tabia. Ziko zinazotoa sumu nyingi, ziko zinazotoa kidogo, na ziko zisizotoa sumu hata chembe, kwa sababu zimepoteza sehemu ya urithi inayohitajika kwa kazi hiyo.

Kuvu dhidi ya kuvu

Ikiwa kuvu zisizo na sumu zitawahi kukalia mmea, zile zenye sumu zitakaa wapi? Hilo ndilo swali ambalo Cotty alikuwa amejiuliza katika mashamba ya pamba ya Arizona, Marekani. Alichukua kuvu isiyo na sumu, akaitawanya shambani kabla ya mimea kuchanua, na kiasi cha sumu kikashuka.

Wazo hilo lililetwa Afrika kwa ushirikiano wa idara ya kilimo ya Marekani na taasisi ya IITA yenye makao yake Ibadan, Nigeria. Hapa Kenya, watafiti wakiwemo wale wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, walichagua kuvu nne zisizo na sumu zilizopatikana katika udongo wa Kenya kwenyewe. Hizo ndizo zilizotumiwa kutengeneza Aflasafe KE01, na kiwanda chake kikajengwa Katumani karibu na mji wa Machakos. Mkenya aliyetoa mchango mkubwa katika kazi hii, Dkt. Charity Mutegi, alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka wa 2013.

Bidhaa hii ni punje za mtama zilizouawa ili zisiote, kisha zikapakwa kuvu hizo njema. Mkulima huzitawanya kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kuchanua. Udongo ukiwa na unyevu, kuvu hukua kwa kula ule mtama, hutoa mbegu zake na kukalia mimea. Ile yenye sumu ikifika hukuta mgeni mwingine amekwisha kukalia kiti.

Majaribio katika nchi kadhaa za Afrika yameonyesha kwamba sumu hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kinga hiyo pia husafiri na mahindi hadi ghalani, kwa sababu kuvu njema huenda nayo.

Hata hivyo, usidanganyike kwamba huu ni muujiza. Ukiitawanya udongo ukiwa mkavu kabisa haitaota. Ukichelewa, adui atakuwa ameingia. Na haiwezi kuondoa sumu ambayo tayari imo ndani ya mahindi yaliyovunwa.

Kuna pia utafiti mwingine unaotia moyo. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza kwamba wameotesha mahindi ambayo, yakishambuliwa, huipelekea kuvu ujumbe wa kuzima kiungo chake cha kutengenezea sumu. Katika punje hizo hawakuweza kuipata sumu. Lakini hayo yalikuwa mahindi yaliyobadilishwa chembe za urithi na kuoteshwa katika majaribio tu. Usiyangoje.

Wewe ufanye nini?

Shambani: Panda mapema kwa mbegu inayofaa eneo lako ili mahindi yasichanue wakati wa ukame. Pambana na viwavi. Ukiweza, nunua dawa ya kuvu njema pamoja na majirani zako na muitumie kwa wakati mmoja.

Wakati wa kuvuna: Vuna mara mahindi yanapokomaa. Usiyarundike chini kwenye udongo, kwani huko ndiko kuvu inakoishi. Yaanike juu ya turubai au jukwaa. Unapoyapukuchua usiyapige kwa rungu hadi yapasuke, kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wazi.

Kukausha: Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna mashine ya kupimia, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, ijaze mahindi hadi kiasi cha thuluthi, utie vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vyema, uifunge na kuitikisa kwa dakika chache. Iache dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na hufai kuyatia guniani. Isipogandamana, yaanike tena siku moja au mbili ndipo uyahifadhi.

Ghalani: Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na paa lisivuje. Fukusi na dumuzi huleta joto na unyevu, kwa hivyo wazuie. Magunia maalumu yasiyopitisha hewa ni mazuri, mradi mahindi yawe yamekauka.

Jikoni: Chagua punje kabla ya kupeleka posho mashinoni. Tupa zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zilizonyauka. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi hupunguza sumu, kwani sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Usitegemee mahindi na karanga kila siku; changanya na mtama, viazi, ndizi au muhogo.

Mahindi yaliyooza: Usimpe ng'ombe, kwani sumu hupitia mwilini mwake na kurudi kwako ndani ya maziwa. Usiwape kuku wala bata. Usiyauze, kwa sababu yatamuua mtoto wa mwingine. Yachome au yazike mbali.

Ukinunua unga dukani, fahamu kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo. Mwaka wa 2004, asilimia 7 ya mahindi yaliyopimwa katika wilaya zile yalikuwa na zaidi ya 1,000.

Dalili za kuangalia

Mtu akiumwa na tumbo, akitapika, akipoteza hamu ya chakula, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na macho yakageuka manjano, mpeleke hospitalini siku iyo hiyo. Zikiwapata watu kadhaa wanaokula chungu kimoja, acheni kula mahindi hayo mara moja na mbebe kiasi kidogo kwenda kumwonyesha daktari. Usipoteze wakati ukidhani ni kurogwa au malaria ya kawaida.

Sasa turudi kwenye lile gunia la mwisho. Ni uchungu kutupa chakula wakati wa njaa, na hakuna anayeweza kukulaumu kwa kusitasita. Lakini njaa ya siku mbili ina tiba: jirani, chifu, kanisa au msikiti waweza kukusaidia kupata debe moja. Ini la mtoto likiharibika, hakuna wa kukukopesha jingine.