Asubuhi kazini, jioni kwenye kanuni

Mjini Unguja, ukimuuliza kijana mpiga taarab anafanya kazi gani, huenda akakutajia mbili tatu kabla hajafika kwenye muziki. Huyu ni karani, yule hutembeza wageni Mji Mkongwe, mwengine anauza duka la nguo la shangazi yake Darajani. Muziki unangoja saa za kazi zimalizike, na hata hivyo ndio unaopanga wiki yote.

Tumfuate binti mmoja wa namna hiyo. Si mtu fulani, ana sura ya wengi. Anakaa Fuoni, ana miaka 23, yuko mapokezi katika hoteli ndogo, na anajifunza kupiga kanuni, chombo cha muziki chenye nyuzi nyingi.

Kuanzia Jumatatu anawahi daladala ya asubuhi kwenda mjini. Mshahara wake haujasifika kwa ukubwa, lakini ndio unaolipa nauli, ada ya masomo na nyuzi, ambazo mara nyingi huagizwa kwa msafiri. Hoteli ikitulia mchana, wageni wakiwa wamekwenda Nungwi au Paje, anafungua simu na kuandika mashairi. Hapo ndipo penye starehe yake hasa. Anahesabu mizani kwa vidole chini ya meza, nane kwa nane, anatafuta kina cha kati kisichotonesha mtu kwa jina lakini mwenyewe akikisikia ajijue. Mshororo ukikataa anauacha, anampa mgeni ufunguo wa chumba, kisha anaurudia.

Jioni ni zamu ya kusoma. Tangu mwaka 2002 vijana wa Unguja wana chuo cha muziki wa nchi za majahazi, kilichoanza na kukaa miaka mingi katika jengo la zamani la Forodha karibu na Forodhani. Humo hufundishwa udi, fidla, nai, akodioni, ngoma na kanuni. Kanuni haina huruma kwa mwenye haraka. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kila kundi lazima liafikiane kabla ya wimbo kuanza. Chini ya daraja lake imewambwa ngozi, na ngozi hiyo inasikia unyevu wa bahari kuliko binadamu, kwa hiyo alichokilinganisha jana leo kimeshateleza. Kando ya nyuzi kuna vitasa vidogo vya kupandisha na kushusha sauti kwa robo. Bila ya robo hizo, mpangilio wa sauti uitwao maqam ya Bayati unageuka kitu chengine kabisa.

Darasani anasoma nota. Katika klabu ya taarab, kwenye mazoezi ya usiku, hakuna anayemngoja azitafute. Wazee wamezichukua nyimbo kwa masikio na wanamtaka azichukue vivyo hivyo. Shule hizi mbili zinagombana kichwani mwake, naye anazihitaji zote.

Jumamosi asubuhi binti huyu ni mwalimu. Watoto wanaoanza wanakaa mbele yake, anawapigisha makofi ya mapigo kabla hawajagusa chombo. Atakwambia kuwa hapo anajifunza zaidi kuliko jioni zote za wiki. Mtoto akiuliza kwa nini sauti hii haimo kwenye kinanda cha umeme, jibu la "ndivyo ilivyo" halimtoshi, na mwalimu analazimika kulijua jambo mpaka mwisho wake.

Desturi ya kumtia mwanafunzi katika ualimu mapema si ngeni Pwani. Katika vyuo vya Kurani aliyefika mbele humshika mkono aliyeko kwenye alifu. Taarab yenyewe imekuja kwa njia hiyo: inasimuliwa kuwa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, naye aliporudi akawafundisha wenzake. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu yao, Ikhwani Safaa, iliyo hai mpaka leo. Karibu yetu zaidi, Rajab Suleiman, bingwa wa kanuni wa Culture Musical Club, amelea wanafunzi huku akiendelea kupiga. Na wasichana wanaoshika vyombo, badala ya kuachiwa kuimba tu, wana wa kumtazama: Maryam Hamdani, mwandishi wa habari, alianzisha mwaka 2009 kundi la Tausi ambalo wapigaji wake ni wanawake.

Usiku wa Jumamosi kuna harusi, na harusi inataka kidumbak: fidla, sanduku la kupigia besi, vidumbak viwili, na wanawake wanaoinuka kutunza. Anakwenda kuimba, safari hii ubeti mmoja ni wake mwenyewe. Noti anazotunzwa zinagawanywa na kundi zima. Jumapili analala mpaka jua lipande, anafua, kisha anailinganisha kanuni upya.

Wiki kama hii husifiwa sana, kijana huyu hodari, hachoki. Sifa ni rahisi kutoa. Ukiiangalia kwa hesabu ya fedha, hoteli inamlipa, harusi inamlipa kidogo, lakini saa za kuwafundisha watoto ndizo zenye malipo haba au hazina kabisa, na hizo ndizo zinazobeba kesho ya taarab. Chuo chenyewe kimepita nyakati za kukosa fedha hata kukaribia kufunga milango. Siku anapobanwa, kijana hataacha kazi ya mapokezi wala hataacha kutunga. Ataacha Jumamosi asubuhi. Wenye hoteli wanaowawekea wageni taarab wakati wa chakula cha usiku, na serikali inayoitangaza Zanzibar kwa muziki huo, waanze kwa kuilipia saa hiyo.