Watoto Wakae Mbele

Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alitaja jina la Mufwankolo, nasi tukaanza kucheka hata mbele ya kusikia habari yenyewe. Wasichana waliokaa nyuma wakaulizana: «Ni nani huyo?» Swali hilo ndilo linatufanya tuandike.

Sisi tuliokua hapa Ruashi katika miaka ya 1990 hatukuwa na televizyo katika kila nyumba. Kwenye barabara yetu ilikuwa moja tu. Jioni tulinawa miguu, tukaenda kwa jirani: wakubwa kwenye viti, watoto chini, mbele kabisa. Mwenye vumbi miguuni alibaki inje, akachungulia dirishani. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, hakuna aliyeondoka. Mama mmoja alimalizia hadithi kwa namna yake, nasi tukaiga sauti.

Mufwankolo, ambaye jina lake ni Odilon Kyembe Kaswili, hakuwa mtangazaji wa watoto. Yeye na kundi lake walicheza mambo ya nyumba na ya jamaa, mambo ya wakubwa. Lakini walisema Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile cha soko na cha jikoni, na mtoto alielewa yote. Hawakusoma maneno kwenye karatasi. Walipatana kwanza juu ya hadithi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya methali isemayo kwamba uwezo unaliwa mzima. Wao wakamjibu kwa kutunga mchezo, naye akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Leo kila mtoto ana televizyo yake mkononi. Sisi wenyewe tunampa telefone ili anyamaze tupate kupika bukari. Ananyamaza kweli.

Juzi darasani tuliwaomba watoto waigize watu wanaowaona kwenye telefone. Waliigiza vizuri, kwa Kifaransa cha katuni. Halafu tukawaomba waigize baba na mama wanaotafuta feza ya masomo. Kwanza kimya. Kisha Kiswahili kikatoka. Msichana mmoja, katika mchezo, akamwambia «mama» yake: «Usilie, mama. Kaka aende, mimi nitabaki.» Darasa zima likatulia. Baada ya masomo tulimwuliza kama amekwisha kusema maneno hayo nyumbani. Akajibu: «Hapana, Madame. Hakuna aliyeniuliza.»

Wamama, hatusemi tuvunje matelefone. Kuna vipindi vizuri: Ubongo Kids, vinavyotengenezwa Tanzania tangu mwaka 2014, vinafundisha hesabu kwa Kiswahili. Mtoto avitazame, nasi tukae karibu naye. Lakini telefone haiwezi kumwuliza mtoto wetu ana nini moyoni.

Basi tunaomba jambo moja dogo. Siku ya posho, kiisha chakula, telefone zote ziwekwe ndani ya kitunga. Mtoto achague hadithi, kila mmoja apewe nafasi ya kuigiza: huyu baba, huyu shangazi, huyu mwenye nyumba anayedai kodi. Hakuna karatasi, hakuna kusahihisha maneno. Tucheke, lakini tusikilize pia.

Na wakubwa wakae nyuma. Watoto wakae mbele, kama zamani.